SOMO: SHIRIKA DOGO LA WAKRISTU, NAMNA YA KULIANZA NA KULIONGOZA



Mgeni akiuliza: «Kanisa la kijiji chenu liko wapi?» wengi watamwonyesha nyumba ya mabati. Hawakukosa, lakini hawakujibu yote. Katika vijiji vingi vya pwani ya Tanganyika, na vile vya milimani juu ya Uvira, Padri hawezi kufika kila Dominika. Je, siku hizo Kanisa hulala? Sivyo. Yezu mwenyewe aliahidi kuwa kati ya watu wawili au watatu wanaokusanyika kwa ajili yake (Mt 18, 20). Leo tujifunze namna ya kukusanyika hivyo.

1. Shirika ni nini?

Shirika ni jumuiya ndogo ya Wakristu na wakatekumeni wakaao jirani, wanaokutana kila juma ili kusali, kusikiliza Neno la Mungu na kusaidiana. Jambo hili si geni. Wakristu wa Yerusalemu walikutana nyumbani mwao, wakala pamoja na kugawiana mali (Mdo 2, 42-47). Priska na Akila walipokea jumuiya katika nyumba yao (Rum 16, 3-5). Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo, walipokutana Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, walichagua jumuiya za namna hii ziwe msingi wa kazi yao. Mwaka 1976 Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, wakikutana Nairobi, walishika njia hiyohiyo.

2. Waliotutangulia

Mwaka 1882 Mapadre Weupe waliondoka Uganda. Walirudi mwaka 1885. Nani alilinda imani muda huo wote? Ni walei, tena wachanga katika dini. Matia Kalemba Mulumba na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa mwaka uleule wa 1882. Hata hivyo Matia aliwafundisha watu huko Mityana, naye Andrea aliwakusanya wengine nyumbani kwake. Mapadre waliporudi walikuta kundi halikutawanyika. Mwaka 1886 wote wawili waliuawa kwa ajili ya imani. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza watakatifu pamoja na wenzao tarehe 18 Oktoba 1964.

Siku 41 baadaye, tarehe 28 Novemba 1964, damu ilimwagika kwetu. Huko Baraka waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara; siku ileile huko Fizi, Padri Giovanni Didoné na Abbé Albert Joubert. Padri Carrara alikuwa akiungamisha. Alipoona Bruda ameuawa, alikataa kuondoka na wauaji, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Angalieni basi: Padri anaweza kuondolewa kwetu kwa siku moja. Kijiji kisichozoea kusali bila yeye kitafanya nini?

3. Namna ya kulianza

Kwanza, mwarifuni Padri na mwalimu wa kijiji, ili shirika lisiwe kundi la kujitenga.

Pili, tembeleeni nyumba kwa nyumba, wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake (Lk 10, 1). Nyumba kumi zatosha. Msichague kabila: Mvira, Mfuliru, Mbembe, Mrundi na Munyamulenge, wote wakae mkeka mmoja. Shirika la kabila moja tu, kati ya majirani wa makabila mengi, limekwisha kumkana Kristu kabla ya kufungua Injili.

Tatu, chagueni saa ifaayo. Wavuvi wa ndagala huenda ziwani usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Basi mkutane jioni za mbalamwezi, ama siku nyingine mchana, baada ya akina mama kurudi toka soko na shamba.

Nne, chagueni kiongozi. Msitafute tajiri wala msemaji hodari, bali mtu mwenye amani nyumbani mwake. Mpeni wasaidizi: mmoja wa kusoma, mmoja wa kuangalia wagonjwa, na wawili wa kutunza sadaka, waihesabu mbele ya wote.

4. Namna ya kuliongoza

Fanyeni ishara ya msalaba na kuimba. Someni Injili mara mbili, polepole, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Nyamazeni kidogo. Kisha kila mmoja aseme neno lililomgusa, hata mkatekumeni, hata mjane mzee. Kiongozi aseme mwishoni, tena kwa ufupi. Ombeeni shida za kijiji, kisha chagueni kazi moja ya juma: kumchotea mgonjwa maji, kumsaidia aliyebomokewa na nyumba kwa mafuriko. Shirika lisilo na kazi ni mtumbwi uliofungwa ufukoni.

5. Kosa langu

Niliongoza shirika moja, nikajisifu kwa kuwa nyimbo zilikuwa nzuri. Wanaume wawili walikalia mkeka mmoja, wala hawakusalimiana, kwa sababu ya wavu uliopasuka. Nilijua, nikanyamaza, niliogopa kuharibu sala. Usiku mmoja mtoto wa mmoja wao alishikwa na homa kali. Yule wa pili alikuwa na mashua yenye mota, lakini baba hakuthubutu kubisha hodi kwake. Walingoja mpaka asubuhi. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mwenye mashua alipopata habari alilia, akaniuliza: «Mwalimu, ulijua. Mbona hukutupatanisha?» Sikuwa na jibu. Bwana alikwisha kutuagiza tupatane kwanza na ndugu, ndipo tutoe sadaka (Mt 5, 23-24). Siku hizi, kabla ya wimbo wa kwanza, nauliza: «Nani kati yetu hasemi na mwenzake?»

MASWALI

1. Shirika ni nini?
2. Nani walilinda imani Uganda toka 1882 mpaka 1885?
3. Kwa nini shirika lisichague kabila?
4. Kiongozi afanye nini akijua kwamba wawili wamegombana?

AZIMIO LA JUMA. Kabla ya Dominika, nitakwenda kwa jirani mmoja nisiyesemana naye, nami nitaanza kumsalimu.