Kanda za Waaberi Mjini Garissa: Mafunzo Niliyopata

Wenzangu walikuwa na timu zao za mpira. Mimi ushabiki ulionishika ujanani, miaka ya sabini na themanini, ulikuwa wa Waaberi, kundi la waimbaji, wapiga ala na waigizaji wa serikali ya Somalia lililokuwa na makao yake Mogadishu. Siku hizi vijana huniuliza: "Adeer (ami), mlikuwa mnafuata nini hasa?" Nawajibu hivi.

1. Shabiki hangoji kuletewa

Santuri za Kisomali zilikuwa adimu. Muziki ulikuwa mikononi mwa dola, nao ulitufikia kwa redio, basi tukaurekodi wenyewe. Jioni Radio Mogadishu ilipoingia kwenye masafa mafupi, mmoja alishika kitufe, mwingine akazungusha eriali, na wengine walikatazwa hata kukohoa. Pesa za mawe ya redio tulichanga. Kunakili, uliweka redio mbili uso kwa uso, na kila nakala ilibeba sauti za mtaa wake: mbuzi, adhana, lori likielekea daraja la Tana. Kanda nyingine zilikuja na madereva kupitia Liboi, zikiwemo za bendi ya Sharero ya Kismayu.

2. Wimbo una wenyewe watatu

Hili ndilo lililonifunza kusikiliza. Kwa desturi ya wasanii wa Kisomali, maneno ni ya mtu mmoja, lahani ya mwingine, na mwimbaji ni wa tatu. Kwenye baraza yetu, ukimtaja mwimbaji peke yake ulihesabiwa hujasema kitu. "Beledweyne", kwa mfano: sauti ya Hasan Adan Samatar kila mtu aliitambua, lakini maneno ni ya Hadraawi, mshairi aliyefungwa na serikali ya Siad Barre nchini Somalia kuanzia 1973 hadi 1978. Ukishalijua hilo, huwezi tena kuusikia wimbo wa mapenzi kama wa mapenzi tu. Tulibishana hadi usiku wa manane kama mpenzi anayelalamikiwa ni mwanamke au ni nchi.

Majina hayo yote yalipaswa kuandikwa. Kisomali kilipata hati rasmi mwaka 1972, lakini sisi wa Kenya shuleni tulifundishwa Kiingereza na Kiswahili. Kusoma na kuandika lugha ya mama yangu nilijifunza kwenye vikaratasi vya makasha ya kanda, na mpaka leo nawashukuru walionisahihisha.

3. Kupenda sauti ya ng'ambo si usaliti

Mkoa wetu uliwekwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu mwisho wa 1963, na haikuondolewa hadi 1991. Wakati wa vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga na Kenya, Radio Mogadishu ilikuwa silaha, kwa hiyo hata baadaye kundi la vijana lililoizunguka redio lilitazamwa kwa shaka. Lakini sisi tulikuwa Wakenya tuliompenda mwimbaji wa Kisomali Magool. Watu wa pwani walimpenda mwimbaji Umm Kulthum wa Misri, na hakuna aliyewauliza wao ni raia wa wapi.

4. Hazina kubwa ilikuwa kwa wanawake

Mama wauza chai na wauza nguo sokoni walikuwa na kanda nyingi kuliko sisi, na kumbukumbu kali zaidi. Kwao ndiko nilikosikia kwanza "Land Cruiser", wimbo wa 1989 wa Saado Ali Warsame, uliowasema viongozi wanaoagiza magari ya kifahari huku nchi ikiomba chakula. Saado baadaye akawa mbunge, na Julai 2014 akauawa kwa risasi Mogadishu.

5. Vunja vijimeno

Kila kanda ina vijimeno viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, haiwezi kurekodiwa juu yake. Wapo waliouacha muziki kwa ajili ya dini, nayo ni haki yao. Wakarekodi mawaidha juu ya nyimbo. Nawaheshimu, ila kuna sauti zilizofutika hivyo ambazo sijazisikia tena popote.

6. Mashabiki hugeuka maktaba

Mji wa Hargeisa, kaskazini, ulipokaribia kushambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, wafanyakazi wa Radio Hargeisa walizifukia kanda zao ardhini ili zisalimike. Mwaka 1991 dola ya Somalia ikaanguka, na kambi za Dadaab zikafunguliwa katika kaunti yetu hii. Magool mwenyewe alifia Amsterdam mwaka 2004. Leo wakfu wa Redsea kule Hargeisa una kanda zaidi ya 10,000, na nyimbo zilizochaguliwa humo zilitoka mwaka 2017 katika mkusanyo *Sweet as Broken Dates*, ulioteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Dunia ikashangaa. Sisi tuliokuwa tukinakili usiku hatukushangaa. Tulijua thamani yake tangu zamani.

7. Jina lisipoandikwa hupotea kabla ya sauti

Bado kuna kanda kwenye masanduku ya bati huko Bulla Iftin na Bulla Punda, na joto la Garissa linaula utepe. Vijana mnaozihamishia kwenye simu mnafanya kazi njema sana, lakini nyingi naziona zimeandikwa "wimbo wa zamani" basi. Muulizeni mwenye kanda kwanza: maneno ya nani, lahani ya nani, nani kapiga udi. Mimi napatikana kila siku baada ya sala ya alasiri.