Mgeni Akija, Shilingi Yake Italala Wapi?



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: "Sisi tuna mto, tuna msitu, tuna ufuo. Mbona watalii wanapita tu na magari yao na sisi tunabaki na vumbi?" Ni swali la haki. Lakini kabla hamjatoa akiba yenu kujenga vibanda vya wageni, hebu tukae chini tulizungumze.

Kuna kikundi tulichokitembelea, jina lake tutalihifadhi. Walichanga pesa za merry-go-round zaidi ya mwaka mzima, wakajenga vibanda vitatu vya makuti kando ya mto na choo kizuri cha shimo. Wageni walikuja, si uongo. Lakini walikuja na dereva wao, chakula chao kwenye boksi na maji yao ya chupa. Malipo yote yalikuwa yameshatolewa huko walikotoka. Kikundi kiliachiwa pesa ya chai, na chupa zikaachwa mtoni. Mwaka wa pili makuti yakaanza kuvuja, na hakukuwa na pesa ya kuezeka upya. Mama mmoja alituambia huku akicheka, "Tuliwajengea watu mahali pa kuegesha gari." Tulicheka naye, lakini tulirudi nyumbani na uchungu, kwa maana ile ilikuwa karo ya watoto.

Hawa hawakuwa wavivu. Shida ni kwamba walianza na nyumba ya mgeni, na risiti ikakatwa na mtu mwingine mbali kabisa na kijiji chao.

Sasa tulinganishe na Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini ya Mombasa. Huko hawakuanza na mgeni. Walianza na mikoko. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa ovyo kuwa kuni za viwandani, sehemu zingine zikabaki matope matupu. Kila mvuvi anajua maana yake. Samaki wachanga, kaa na kamba hukulia kwenye mizizi ya mikoko, na mikoko ikiisha mawimbi huanza kula ufuo. Mwaka wa 1991 kazi ya kupanda tena ilianza, wataalamu wa utafiti wa bahari wakishirikiana na wanakijiji.

Wakati miti ilipokuwa imesimama ndipo akina mama wa Gazi wakapata kitu cha kumwonyesha mgeni. Tangu miaka ya 2000 wana njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, inayopita katikati ya mikoko. Mgeni analipa kiingilio kwao wenyewe. Wao ndio wanaomtembeza na kumwonyesha mkoko ni upi, mchu ni upi na mkandaa ni upi. Akitaka kula, wanampikia samaki na wali wa nazi. Hebu hesabuni mnufaika ni nani hapo: mvuvi ameuza samaki, mwenye minazi ameuza nazi, mama amelipwa kwa kupika na kutembeza.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wenyewe tulipolisikia mara ya kwanza tulidhani ni ulaghai: kuuza hewa! Kumbe ni hivi. Moshi wa ndege, magari na viwanda unaongeza joto duniani. Mikoko huvuta sehemu ya hewa hiyo na kuifungia ndani ya miti na matope kwa miaka mingi. Mwaka wa 2013 Gazi na jirani zao wa Makongeni walianza mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 hivi za mikoko. Kila mwaka mradi huuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa wanunuzi wa ng'ambo, watu na kampuni wanaotaka kulipia moshi wao. Pesa zimesaidia maji na shule, na wananchi hukaa kikao kuamua zifanye nini. Pia wamepanda mivinje, ili anayehitaji fito za kujengea asiende kukata mikoko. Hapo walitumia akili, kwa sababu mtu asiye na nguzo ya nyumba hawezi kuzuiwa na hotuba.

Angalieni ule mpangilio. Hata siku mgeni asipokuja, mikoko inaendelea kulea samaki. Pwani walionja hasara mwaka wa 1997, ghasia za Likoni zilipowafukuza watalii, na tena mwaka wa 2020 wakati wa korona, hoteli zikafungwa na vijana wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: msikope kwa kutegemea wageni, na msiuze ng'ombe wa maziwa ili mnunue vitanda.

Na mgeni naye ana wajibu wake. Mwambieni bila kuogopa. Alipe langoni na apewe risiti. Alale na kula kwa wenyeji akiweza. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, hasa watoto. Makombe na matumbawe ayaache baharini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo asione haya mkimkumbusha kuhusu takataka zake. Wageni wengi wazuri hufurahi kuelezwa. Anayekasirika aende zake.

Kuhusu pesa, tusizungukezunguke: kitabu cha risiti kiwe kimoja, na mweka hazina asome hesabu kwa sauti kila mkutano, hata kama ni shilingi mia mbili. Tengeni pia fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza. Mbao zinaoza na makuti yanaoza.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Ni kitu gani kwetu tunakitunza, au tungekitunza, hata bila mgeni hata mmoja?

2. Nani kijijini anakitegemea kwa kuni, malisho au fito, na tutampa nini badala yake?

3. Mgeni akilipa shilingi mia tano leo, itapita mikono ya nani hadi jioni?