Anza na mwaka wa kuzaliwa

Binti yangu alikuwa na miaka 14. Kwenye simu alikuwa na 26. Niligundua Jumapili moja nikimenya vitunguu, simu yake mezani ikilia mfululizo: "Mrembo, mbona kimya? Unasoma shule gani?" Mtu mwenyewe hatumjui. Nikanawa mikono, nikamwita, tukakaa.

"Mama, ukiweka mwaka wa kweli wanakukatalia." Alifungua akaunti akiwa na miaka 12, na mitandao mingi hutaka 13. Akateremsha kidole mpaka 1999.

Kumbe kinga karibu zote za watoto hufuata mwaka ule. Kwenye TikTok, aliye chini ya miaka 16 hafunguliwi ujumbe wa faragha, na akaunti yake huanza ikiwa imefichwa kwa wasiomfuata. Instagram nayo, tangu Septemba 2024, huwaweka vijana kwenye akaunti zenye masharti, na wa chini ya 16 hawezi kuyalegeza bila mzazi kuridhia. Wa 1999 ni mtu mzima, anaachiwa.

Kwa hiyo usianze kwa kumnyang'anya simu. Muulize alijaza mwaka gani, na umuulize kwa upole, maana akiogopa atafuta kila kitu kabla hujakiona. Kama kuna anayemsumbua, piga kwanza picha za skrini zenye jina la akaunti na tarehe, ndipo uripoti na kumzuia. Mimi kwa hasira nilitaka kufuta akaunti palepale, na ushahidi ungepotea nayo. Zikiwepo picha za utupu za mtoto, tafadhali usimtumie hata shangazi. Hapa Tanzania piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Baada ya kuripoti ndipo tukafungua akaunti mpya kwa mwaka wake halisi. TikTok inaruhusu mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto kwa msimbo wa QR, ukampangia dakika. Kwenye WhatsApp, zuia wasio kwenye namba zake wasimwingize kwenye magrupu.

Australia, tangu 10 Desemba 2025, ni kampuni za mitandao zinazotakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti, na faini hufika dola milioni 49.5 za huko. Mzazi wala mtoto haadhibiwi. Naona ni haki: mwenye mlango ndiye aulizwe nani kaingia.

Siku hizi usiku simu yake hulala sebuleni. Na yangu pia; hilo ndilo sharti alilonipa yeye.