TETEMEKO LA NCHI NA HESABU YAKE

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, nchi ilitetemeka katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria. Katika mji wa Bukoba na vijiji vyake nyumba nyingi zilianguka. Watu zaidi ya 15 walikufa, na mamia waliumia. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Watu wa Mwanza, walio mbali zaidi ya kilomita 200 na chanzo chake, nao walisikia mtikisiko, lakini hawakupatwa na maangamizi kama hayo. Tetemeko lilikuwa moja. Mbona halikuwa sawa kila mahali?

Wenye elimu ya miamba hutazama mambo matatu.

La kwanza ni chanzo. Chini sana ya ardhi miamba husukumwa na kuvutwa polepole kwa miaka mingi. Hupindika kama fimbo ipindwavyo kwa mikono miwili. Mwisho hukatika, na pande zake huteleza ghafula penye ufa. Kadiri ufa ulivyo mrefu na mtelezo ulivyo mkubwa, ndivyo nguvu izidivyo. Nguvu hiyo huandikwa kwa namba. Namba ya tetemeko la Kagera ilikuwa 5.9, nalo tetemeko la upande wa Rukwa, mwaka 1910, lilipita 7. Namba ikizidi kwa moja tu, nguvu huzidi kama mara 32.

La pili ni umbali. Mtoto akitupa jiwe ziwani, mawimbi yaliyo karibu na jiwe huwa makubwa. Yakienda mbali hufifia. Mtikisiko wa nchi nao hupungua vivyo hivyo.

La tatu ni ardhi ya mahali. Weka jiwe na bakuli la uji juu ya meza moja, kisha igonge meza. Jiwe hutulia mara moja, bali uji huendelea kuchezacheza. Vilima vya mawe vya Mwanza ni kama lile jiwe. Udongo laini wa mabondeni ni kama uji. Basi nyumba mbili zilizo jirani zaweza kutikisika mbalimbali.

Wataalamu huyaunganisha mambo hayo matatu. Katika kompyuta huchora mfano wa ufa, wakaupa urefu, kina na mtelezo, kisha hukokotoa jinsi mawimbi yatakavyofika kila mahali. Hulinganisha jawabu na alama zilizoandikwa na vyombo vya kupimia wakati wa matetemeko ya kweli. Yasipopatana, husahihisha mfano wao.

Hesabu hiyo haitaji siku wala saa. Hakuna mtu ajuaye hayo. Husema hivi tu: ufa huu ukikatika, mahali hapa patatikisika kadiri hii. Hata hivyo faida yake ni kubwa, maana mara nyingi kiuacho watu ni ukuta uwaangukiao. Fundi aijuaye hesabu hiyo huchagua mahali pa kujenga, tena hufunga kuta kwa nondo na zege. Tetemeko halizuiliki, lakini nyumba yaweza kujengwa isianguke.

Maswali

1. Ni mambo gani matatu yapimwayo?
2. Kwa nini mtikisiko wa Mwanza ulikuwa mdogo kuliko wa Bukoba?
3. Hesabu hii yaweza kutuambia nini, na haiwezi kutuambia nini?