Dondoo muhimu: Ufuate dau au utupe karata?

Katika mashindano ya poka, usijiulize tu kama karata zako ni nzuri. Jiulize kama unachoweza kupata kinalingana na unachoweza kupoteza. Chukua mashindano ya mchujo yanayotoa tiketi 3 za Main Event ya World Series of Poker, Las Vegas, kila moja ya dola 10,000. Wamebaki wachezaji 4 wenye chipu sawa, hivyo nafasi ya kila mmoja ni asilimia 75, yaani dola 7,500. Mpinzani akiweka chipu zote nawe ukafuata, ukishinda unaongeza dola 2,500 tu; ukishindwa, 7,500 zote zimekwenda. Tukiweka kando madau ya lazima, kufuata kunalipa pale tu unaposhinda zaidi ya mara 3 katika 4. Ree na mfalme, dhidi ya karata zozote zile, hushinda takriban mara 2 katika 3. Zitupe.

Wapo watakaosema mwoga hashindi. Hoja hiyo ina uzito kwenye meza ya fedha taslimu, ambako kila chipu ina thamani ileile na zikiisha unanunua nyingine. Ina uzito pia chipu zako zinapokaribia kumezwa na madau ya lazima, maana hapo kusubiri nako kunagharimu. Hata hivyo, ni afadhali uwe wa kwanza kuweka zote: anayetangulia anaweza kushinda kwa mwenzake kutupa, ilhali anayefuata hutegemea karata peke yake. Pima hasara kwanza, kisha faida.