Majoka Yenye Akili

SWALI: Binti yangu wa miaka 14 kamaliza The Hobbit na sasa anataka riwaya nyingine zenye majoka, ila yale yanayozungumza, si ya kuuawa tu. Nimpe nini?

JIBU: Mpe A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968). Ni kitabu chembamba, na joka lake, Yevaud, ni zee, jeusi na janja kupita kiasi. Ged, mchawi kijana, anasafiri kwa mashua hadi kisiwa cha Pendor kulikabili. Anaua majoka machanga kadhaa, lakini kwa Yevaud nguvu hazitoshi. Silaha yake ni jina la kweli la joka lile, alilolikisia kutokana na habari za kale. Hapo wanaanza kupatana bei. Joka linamwahidi kumtajia jina la kivuli kinachomwinda, na Ged, ambaye anakihofia kuliko chochote, anakataa ili wanavisiwa waishi salama. Sijasoma mapatano ya joka na mtu yaliyoniweka roho juu hivyo.

Akipenda vita na mabaharia, kuna Temeraire ya Naomi Novik (2006), vita vya Napoleon vikipiganwa angani. Joka lenyewe linapenda kusomewa vitabu! Kitabu cha nne cha mfululizo wake, Empire of Ivory, kinafika Afrika Kusini.

Eragon, riwaya nyingine ya majoka, ataipata mwenyewe kwa wenzake. Inasomeka haraka, ila akishaonja Le Guin huenda akaiona nyepesi.