Mshauri Haniambii la Kufanya

*Mume wangu alifariki mwaka jana. Tangu msiba silali vizuri, na nina hasira na mama mkwe kwa maneno aliyonitamkia mbele ya waombolezaji. Daktari alinielekeza kwa mshauri wa saikolojia, nikaenda. Ni binti mdogo hata kwa mdogo wangu wa mwisho. Alinisikiliza, akauliza machache, wala hakuniambia la kufanya. Dada yangu anasema: mambo ya ndani unampelekea mtoto wa watu, na mchungaji yupo, na ukoo upo? Sasa najiuliza, huyu binti anaamini nini? Nirudi?*

*Mjane, Kiwira*

Dada yangu, pole sana kwa msiba, na pole kwa maneno uliyotupiwa ukiwa bado kwenye mkeka. Rudi. Ila safari hii na wewe nenda na maswali, maana ni haki yako kujua anasimamia nini mtu unayemfungulia moyo.

Kutokukuamulia kwake si uvivu wala utoto. Mwaka 1957 Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba mshauri anapaswa kuwa mkweli asiyejivika sura, kumpokea mtu bila kumhukumu, na kuyaelewa maumivu jinsi mwenyewe anavyoyaona. Umri hakuutaja. Ubaki kwenye mji wa marehemu au urudi kwenu, shamba la migomba alilime nani: wewe ndiye utakayeishi na uamuzi huo. Akikuamulia yeye, kesho akahamishiwa wilaya nyingine, utabaki na uamuzi usio wako. Lakini kuhusu usingizi, kuhusu huzuni inavyokwenda na kurudi, ana elimu na anapaswa kukupa. Muulize waziwazi.

Na usikubali kuambiwa kuwa kuzungumza yaliyo tumboni ni mambo ya Wazungu. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930 na kuandika vitabu juu ya mila zao, alikuta watu wakiamini kuwa hasira iliyofichwa baina ya ndugu huleta ugonjwa. Kabla ya tambiko mwenye kinyongo alitakiwa kukitamka, kisha akapuliza maji kinywani kuonyesha ameachilia. Tofauti ninayoiona ni hii: kikao cha ukoo kinatafuta amani ya ukoo, na mara nyingi aliye mdogo au aliyeolewa huombwa anyamaze ili amani hiyo ipatikane. Kwa mshauri, anayelindwa ni wewe. Wazee wetu sitawadharau hata kidogo, ila mjane anahitaji walau mahali pamoja ambapo hakuna wa kumwomba anyamaze.

Ndiyo maana siri ni jambo kubwa, hasa kwetu, ambako mtu akionekana kwenye geti la hospitali habari hutangulia sokoni. Muulize maandishi yako yanakaa wapi na nani anayasoma. Muulize kama ana undugu na upande wa mume wako. Kama upo, aombe mwenzake akupokee, na hilo lisimuudhi. Muulize pia mipaka ya siri. Uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru, hawezi kunyamaza. Anayekuahidi siri isiyo na mpaka hajakuambia ukweli wote.

Kuhusu mchungaji, hakuna haja ya kuchagua mmoja. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, na faraja ya kanisa imewashika wafiwa wengi katika milima hii. Mshauri mwema hakuzuii kusali, wala hageuzi chumba chake kuwa mahubiri. Ila yeyote, awe mshauri au mtumishi, akikuambia hulali kwa sababu imani yako ni haba, usirudi kwake. Hata anayekuita nyumbani kwake usiku, au anayetaka mfanye biashara pamoja, mwache.

Mara moja haitoshi kumpima mtu. Mpe nafasi kadhaa, na ukiona hamwelewani mwambie hivyo. Ni kazi yake kulipokea bila kununa na kukuelekeza kwa mwingine, hata kama ni Mbeya kwenye hospitali ya rufaa. Lakini ukianza kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, usingoje tarehe ya kadi. Mshike dada yako mkono, mwende hospitali ya wilaya siku hiyohiyo.

Mama mkwe usimpeleke kwenye kikao kwanza. Naye amezika mtoto, na maneno ya msibani mara nyingi humtoka mtu kabla hajayajua. Lakini kumsamehe kusiwe sharti la wewe kupata nafuu. Yaseme kwanza kwa huyo binti, yote, kwa jinsi yanavyouma, ndipo mwenyewe utaamua kama wazee waitwe, na kama waitwe sasa.